Mizani ya mpanda farasi

Mizani ya mpanda farasi ni uwezo wa mtu aliyeketi juu ya farasi kuuweka mwili wake sawa na mwendo wa mnyama huyo bila kujishikilia kwa nguvu kwa mikono au magoti. Ni msingi wa upandaji farasi wa kila aina, kuanzia matembezi ya kawaida hadi mbio, polo, kuruka vizuizi na mashindano ya Olimpiki.

Mizani inahusiana sana na kujiamini. Mtu aliyeanguka huanza kuogopa, na woga hukaza misuli, hufupisha pumzi na kumwinamisha mbele. Mkao huo huharibu mizani na kumweka karibu zaidi na kuanguka tena. Kwa sababu hiyo kumrudishia mpanda farasi kujiamini baada ya kuanguka si suala la kumtia moyo tu. Inabidi mizani yake ijengwe upya hatua kwa hatua, kuanzia mwendo wa polepole kabisa.

## Jinsi mizani inavyofanya kazi

Mwili wa binadamu hupata habari za mizani kutoka sehemu tatu. Ya kwanza ni sikio la ndani, lenye mifereji mitatu ya nusu duara inayotambua mzunguko wa kichwa, pamoja na vijiwe vidogo sana vinavyosaidia kutambua uelekeo wa chini na mabadiliko ya mwendo. Ya pili ni macho. Ya tatu ni hisi zilizomo katika misuli, viungo na ngozi, ambazo huuambia ubongo mkono, mguu au mgongo uko katika hali gani hata kama mtu amefumba macho. Ubongo huunganisha habari hizo na kuamuru misuli ijirekebishe. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika bila mtu kufikiri.

Mtu anayesimama chini husawazisha mwili wake juu ya ardhi isiyosogea. Mpanda farasi amekaa juu ya mgongo unaosogea mbele na nyuma, juu na chini, kushoto na kulia, tena kwa wakati mmoja. Farasi mkubwa huwa na uzito wa kilogramu 400 hadi 600, na kichwa cha mtu aliyempanda huwa zaidi ya mita 2 kutoka ardhini.

Kila mwendo wa farasi una mapigo yake:

- Katika kutembea, kwato nne hugusa ardhi moja baada ya nyingine, kwa mapigo manne. Mwendo huu ni wa kilomita 6 hadi 7 kwa saa, na hutikisa nyonga za mpandaji karibu kama anavyotikisika akitembea kwa miguu yake mwenyewe.
- Katika matiti, miguu hukanyaga kwa jozi za mshazari: wa mbele kulia pamoja na wa nyuma kushoto, kisha jozi nyingine. Mapigo ni mawili, na kati yake farasi huwa hewani kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana matiti humrusha mpandaji juu na chini.
- Katika shoti ya polepole kuna mapigo matatu, na mpandaji huhisi kama anabembea.
- Katika shoti kali mapigo huwa manne, na mwendo hupita kilomita 40 kwa saa. Farasi wa mashindano hupita kilomita 60 kwa saa kwa masafa mafupi.

Mpandaji mwenye mizani nzuri hatulii kama mti uliochomekwa. Nyonga na kiuno chake hufuata mwendo wa farasi, huku kichwa na mikono vikibaki vimetulia.

## Mkao sahihi

Katika mkao wa kawaida, mtu akimtazama mpandaji kutoka ubavuni anapaswa kuona sikio, bega, nyonga na kisigino vikiwa karibu katika mstari mmoja ulionyooka kwenda chini. Farasi akiondolewa ghafla, mtu huyo angetua chini akiwa amesimama. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kuupima mkao.

Uzito hubebwa na mifupa miwili ya chini ya nyonga, ile ambayo mtu huikalia kwenye kiti kigumu, pamoja na mapaja yaliyolegea. Mguu huning'inia ukikumbatia ubavu wa farasi, na sehemu pana ya wayo hukaa juu ya kikuku huku kisigino kikishuka kidogo kuliko vidole.

Makosa yanayovunja mizani mara nyingi ni haya:

- Kubana kwa magoti. Magoti yakibana, mguu wa chini hurudi nyuma, kisigino huinuka na mwili wa juu huinamia mbele. Mpandaji hudhani anajishikilia, kumbe anajisukuma juu ya tandiko.
- Kutazama chini. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilogramu 4 hadi 5. Kikiinama, mabega na mgongo hukifuata.
- Kujishikilia kwa hatamu. Hatamu zimeunganishwa na lijamu iliyo mdomoni mwa farasi. Anayezivuta ili asianguke humuumiza mnyama, naye anaweza kujibu kwa kuinua kichwa au kurudi nyuma.
- Miguu kwenda mbele. Mtu akikaa kama yuko kwenye kiti, uzito wake hubaki nyuma ya mwendo, na farasi akiongeza kasi humwacha.

## Kwa nini watu huanguka

Kuanguka kwingi kunaelezeka kwa kanuni ya kwanza ya mwendo ya Isaac Newton: kitu kinachosogea huendelea kusogea hadi nguvu nyingine ikizuie. Farasi akisimama ghafla mbele ya kizuizi, mpandaji huendelea kwenda mbele kupitia shingo yake. Farasi akishtuka na kuruka kando, mpandaji hubaki mahali alipokuwa, na tandiko ndilo linaloondoka chini yake.

Farasi kwa asili ni mnyama anayewindwa, na kinga yake kubwa ni kukimbia. Mfuko wa plastiki unaopeperushwa na upepo, ndege anayeruka kutoka kichakani au mlio wa pikipiki unaweza kumshtua. Farasi pia hujikwaa, huteleza, na wakati mwingine huinamisha kichwa na kutupa miguu ya nyuma hewani. Sababu nyingine hutokana na vifaa, kwa mfano ukanda wa tandiko uliolegea hadi tandiko likazunguka kuelekea tumboni.

Kuanguka si dalili ya uanafunzi peke yake. Federico Caprilli, ofisa wa jeshi la Italia aliyezaliwa mwaka 1868 na kubadilisha namna watu wanavyoruka vizuizi duniani kote, alifariki mwaka 1907 baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi. Mwigizaji wa Marekani Christopher Reeve, aliyekuwa mpandaji mwenye mazoezi, alivunjika shingo mwezi Mei 1995 katika mashindano huko Virginia farasi wake aliposimama mbele ya kizuizi. Alipooza kuanzia shingoni hadi alipofariki mwaka 2004.

## Historia ya mafunzo ya mizani

Wagiriki wa kale walipanda farasi bila vikuku, hivyo walitegemea mizani tupu. Xenophon, askari na mwandishi wa Athens, aliandika kitabu kuhusu upandaji farasi katika karne ya 4 KK. Humo alishauri kwamba mpandaji asikae kama aliyeketi kitini, bali kama mtu aliyesimama wima huku miguu yake imeachana. Alionya pia kwamba mtu asimkaribie farasi akiwa na hasira.

Vikuku viwili, kimoja kila upande, vilikuwa vikitumika China katika karne ya 4 BK, na baadaye vikaenea hadi Ulaya. Vilimpa mpandaji mahali pa kukanyaga, lakini havikuondoa haja ya mizani. Katika Shule ya Kihispania ya Upandaji Farasi mjini Vienna, Austria, yenye asili yake katika karne ya 16, wanafunzi wapya hupanda kwanza kwa muda mrefu bila vikuku wala hatamu, farasi akizungushwa na mwalimu kwa kamba ndefu.

Kabla ya Caprilli, wapandaji walikuwa wakiegemea nyuma farasi aliporuka kizuizi. Caprilli alionyesha kwamba farasi huruka vizuri zaidi mpandaji akiinama mbele kidogo, akiinua makalio kutoka kwenye tandiko na kuufuata uzito wa farasi unapokwenda. Mkao huo ndio unaotumika leo katika mashindano ya kuruka.

Mwaka 1985 mwalimu wa Marekani Sally Swift (1913–2009) alitoa kitabu kilichoeneza mafunzo yanayosisitiza mambo manne: kutazama mbali kwa macho yaliyolegea, kupumua kwa kina, kuutambua uzito wa mwili uliopo chini ya kitovu, na kupanga sehemu za mwili moja juu ya nyingine kama matofali ya mtoto.

## Woga baada ya kuanguka

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ubongo hufanya kazi yake unapohifadhi kumbukumbu ya hatari. Shida ni kwamba baada ya kuanguka, mambo yasiyo na hatari, kama harufu ya tandiko, kona fulani ya uwanja au farasi kuinua masikio tu, huamsha tahadhari ileile.

Homoni ya adrenalini hutoka, moyo hupiga haraka, pumzi huwa fupi na misuli hukaza. Mtu huwa tayari kukimbia au kupigana, lakini juu ya farasi hawezi kufanya lolote kati ya hayo mawili. Anajikunyata, anabana magoti na kuvuta hatamu. Hapo humpa farasi amri mbili zinazopingana, maana miguu inayobana humwambia aende na hatamu zinazovutwa humwambia asimame. Farasi asiyeelewa anatakiwa kufanya nini huanza kuhangaika, na mpandaji huona kwamba alikuwa na haki ya kuogopa.

Kuna ushahidi kwamba farasi huathirika na wasiwasi wa mtu. Mwaka 2009 Linda Keeling na wenzake nchini Uswidi walichapisha utafiti ambamo watu waliongoza au kupanda farasi katika njia ileile mara nne. Kabla ya mara ya nne waliambiwa kwamba mwavuli ungefunguliwa ghafla mbele ya farasi. Mwavuli haukufunguliwa, lakini mapigo ya moyo yaliongezeka kwa watu na kwa farasi pia, ingawa farasi hawakuwa wameambiwa chochote.

Woga wa namna hii si aibu wala dalili ya udhaifu. Mara nyingi huwapata watu wazima kuliko watoto, kwa kuwa mtu mzima anajua gharama ya mfupa uliovunjika: kazi, familia na pesa za matibabu.

## Mara tu baada ya kuanguka

Katika nchi nyingi zenye utamaduni wa farasi watu huambiana kwamba aliyeanguka apande tena papo hapo, la sivyo hatapanda kamwe. Ushauri huo una ukweli kidogo, kwa sababu kukwepa jambo kwa muda mrefu huukuza woga. Lakini ukifuatwa bila kufikiri ni wa hatari.

Jambo la kwanza ni afya. Mtu aliyegonga kichwa anaweza kupata mtikiso wa ubongo bila kupoteza fahamu. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, kusahau kilichotokea, kuona ukungu au kuwa mzito wa kujibu maswali. Huyo hapaswi kupanda tena siku hiyo, hata akisema yuko sawa, maana ubongo uliojeruhiwa hauwezi kujipima wenyewe na mizani yake imepungua. Kurudi michezoni baada ya mtikiso hufanyika kwa hatua, chini ya uangalizi wa daktari.

Kutapika mara kwa mara, degedege, usingizi usioamshika, udhaifu wa mkono au mguu, mboni za macho zisizolingana, au maumivu ya shingo ni dalili za dharura. Mwenye maumivu ya shingo au ganzi asisogezwe wala asivuliwe helmeti hadi watu wenye ujuzi wafike, isipokuwa kama anashindwa kupumua au yuko katika hatari nyingine kubwa zaidi.

Kuna pia kizunguzungu kinachotokea baada ya kichwa kugongwa kwa sababu vijiwe vya sikio la ndani vimehama mahali pake. Mtu huona dunia inazunguka kila akigeuza kichwa au kulala. Wengine hudhani ni woga, kumbe ni tatizo la mwili ambalo wahudumu wa afya wanaweza kulitibu kwa kukiweka kichwa katika mikao fulani kwa mpangilio.

Kama hakuna jeraha, kurudi siku hiyohiyo kunaweza kuwa jambo dogo tu: kumshika farasi, kumtembeza kwa mguu, au kuketi juu yake dakika chache huku mtu mwingine amemshika. Katika mashindano ya kuruka yanayoongozwa na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi (FEI), lililoanzishwa mwaka 1921, mpandaji anayeanguka wakati wa kuruka huondolewa katika raundi hiyo.

## Mazoezi bila farasi

Sehemu ya mizani inaweza kujengwa nyumbani. Mazoezi haya hayahitaji vifaa vya gharama:

- Kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 30, kisha kubadilisha. Ikiwa rahisi, mtu hufumba macho akiwa karibu na ukuta.
- Kusimama kwenye ukingo wa ngazi kwa sehemu pana ya wayo, huku akishika ukuta, na kushusha visigino polepole. Zoezi hili hulegeza vifundo vya miguu.
- Kujiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili ukiwa umenyooka kama ubao, ili kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo.
- Kukaa juu ya mpira mkubwa wa mazoezi na kuzungusha nyonga, huku mabega yametulia.
- Kupumua kwa kuvuta hewa hadi tumbo litune, kisha kuitoa polepole kwa muda mrefu kuliko ilivyoingia.

Zoezi la pumzi ndilo linaloonekana dogo kuliko yote, lakini kutoa pumzi ndefu hupunguza mapigo ya moyo na kulegeza misuli ya tumbo na mapaja. Ni vigumu kubana magoti na kutoa pumzi ndefu kwa wakati mmoja.

## Mazoezi juu ya farasi

Mazoezi ya mizani hufanywa mahali palipozungushiwa uzio, juu ya farasi mtulivu, na mwalimu akiwepo. Kwa kawaida hufuata mpangilio huu.

Kwenye kamba ndefu. Mwalimu anasimama katikati na kumzungusha farasi kwa kamba. Mpandaji hana kazi ya kuongoza, hivyo akili yake yote hubaki kwenye mwili wake. Farasi anapotembea, mpandaji hunyoosha mikono kama mabawa, huzungusha mabega, hugusa shingo ya farasi, kisha hugusa kidole cha mguu wake. Akizoea, huachia vikuku kwa dakika chache.

Kuzunguka tandiko. Farasi akiwa amesimama na kushikwa, mpandaji huvusha mguu mmoja juu ya shingo na kukaa upande, kisha nyuma, kisha upande wa pili, hadi arudi alipoanzia. Zoezi hili humfundisha kwamba anaweza kuhama mahali pake bila kuanguka.

Kuinuka na kukaa. Katika matiti, mpandaji huinuka pigo moja na kukaa pigo linalofuata. Kuhesabu kwa sauti "moja, mbili" husaidia mapigo yaingie mwilini, na anayehesabu kwa sauti hawezi kubana pumzi.

Mkao wa kuinama mbele. Mpandaji huinua makalio kidogo na kubeba uzito kwa mapaja, magoti na visigino, huku akishika singa za shingo. Akiweza kukaa hivyo kwenye kutembea, halafu kwenye matiti, bila kuanguka mbele wala kurudi nyuma, mguu wake umefika mahali panapofaa.

Kubadilisha mwendo. Kusimama, kutembea, kusimama tena. Kutembea, matiti, kutembea. Mizani hupimwa zaidi pale mwendo unapobadilika.

Kusimamisha na kushuka kwa dharura. Mpandaji hujifunza kumpunguza farasi kwa kuigeuza shingo yake upande mmoja kwa hatamu moja, na hujifunza kutoa miguu yote miwili kwenye vikuku na kushuka haraka. Mambo haya hufundishwa kwanza farasi akiwa amesimama, kisha akitembea. Kumvuta farasi ghafla upande mmoja akiwa katika shoti kali kunaweza kumwangusha yeye mwenyewe. Mtu anayejua namna ya kutoka katika hatari huogopa kidogo kuliko anayetegemea bahati.

Kupanda bila vikuku ni zoezi zuri, lakini kwa muda mfupi. Mtu aliyechoka huanza kubana na kudundadunda, na farasi ndiye anayeumia mgongo.

## Kujenga upya kujiamini

Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hutoka katika vyanzo vinne: mafanikio yake mwenyewe, kuwaona wengine wanaofanana naye wakifaulu, maneno ya kutia moyo, na namna anavyoisoma hali ya mwili wake. Chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza. Maneno "usiogope" peke yake hayafui dafu mbele ya kumbukumbu ya kuanguka. Kinachohitajika ni kumbukumbu nyingine nyingi za kupanda na kushuka salama.

Njia ya kuzipata inafanana na ile iliyoandikwa na daktari Joseph Wolpe, mzaliwa wa Afrika Kusini, katika kitabu chake cha mwaka 1958: kukabili jambo linaloogopwa kidogo kidogo huku mwili ukiwa umetulia. Mpandaji huandika orodha ya hatua na kuipa kila hatua alama ya woga kuanzia 0 hadi 10. Kwa mfano:

1. Kumpiga farasi brashi na kumtandika – 1
2. Kupanda farasi akiwa amesimama na kushikwa – 3
3. Kutembea huku mtu akimwongoza farasi – 4
4. Kutembea peke yake uwanjani – 5
5. Matiti kwenye kamba ndefu – 6
6. Matiti peke yake – 7
7. Shoti ya polepole uwanjani – 8
8. Kutoka nje ya uwanja pamoja na wenzake – 9

Anaanza na hatua yenye alama ndogo na kuirudia hadi woga ushuke, ndipo anapanda hatua inayofuata. Hubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Akipewa farasi mgeni, mwendo na mahali hubaki vilevile. Akienda mahali papya, hupanda farasi anayemjua. Siku mbaya ikitokea, hurudi hatua moja nyuma bila kuhesabu kuwa ameshindwa. Somo huishia kwenye jambo ambalo limefanikiwa, hata kama ni kusimama vizuri tu.

Mwalimu ana wajibu mkubwa hapa. Kumcheka mwanafunzi, kumlinganisha na watoto au kumlazimisha kuruka hatua humrudishia woga wote kwa siku moja. Ndoto mbaya, kukosa usingizi au picha za ajali zinazojirudia kwa wiki nyingi zinahitaji msaada wa mtaalamu wa afya ya akili. Tena si lazima kila mtu arudi kwenye shoti na vizuizi. Mtu anaweza kuchagua kutembea tu, au kuacha kupanda na kuendelea kuwatunza farasi.

## Farasi na vifaa

Kabla ya kumlaumu mpandaji, inafaa kuchunguza farasi na vifaa. Farasi aliyezoea utulivu anapoanza kutupa miguu anaweza kuwa na maumivu ya mgongo, meno au kwato, au tandiko lisilomtosha. Daktari wa mifugo ndiye wa kuulizwa. Kwa anayerudi baada ya kuanguka, farasi mwenye umri na uzoefu hufaa kuliko farasi kijana.

Ukanda wa tandiko hukazwa kabla ya kupanda na hukaguliwa tena baada ya dakika chache. Mguu ukining'inia, sehemu ya chini ya kikuku inapaswa kufika kwenye mfupa wa kifundo. Viatu viwe na kisigino kidogo ili mguu usipenye kikuku na kunaswa, maana kuburutwa ni hatari kuliko kuanguka kwenyewe.

Helmeti iwe ile iliyotengenezwa kwa ajili ya upandaji farasi, ikae sawa na kufungwa kidevuni. Ikishapata kipigo kikubwa hubadilishwa, kwa sababu povu gumu la ndani likishabonyea halilindi tena hata kama kwa nje haina ufa. Kuanzia mwaka 2021 FEI imewataka wapandaji wote kuvaa helmeti, hata katika mashindano ya mwendo wa madaha ambako mabingwa walizoea kuvaa kofia ndefu za heshima.

## Mfano wa Lis Hartel

Lis Hartel (1921–2009) wa Denmark alipatwa na polio mwaka 1944 akiwa mjamzito, baada ya kuwa tayari mpandaji wa mashindano. Alijifungua salama, lakini alibaki amepooza chini ya magoti. Alirudi juu ya farasi kwa hatua ndogo, na farasi wake Jubilee alizoezwa kuitikia uzito na mgongo wa mpandaji badala ya miguu yake.

Mwaka 1952 mjini Helsinki wanawake waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kushindana na wanaume katika mashindano ya Olimpiki ya mwendo wa madaha. Hartel, aliyehitaji kusaidiwa kupanda na kushuka, alipata medali ya fedha. Alipata nyingine mwaka 1956 mjini Stockholm, mahali ilipofanyika michezo ya farasi ya Olimpiki ya Melbourne kwa sababu ya sheria za karantini za Australia. Mfano wake ulisaidia kueneza matumizi ya farasi katika tiba ya watu wenye ulemavu.

## Katika Afrika ya Mashariki

Farasi hawakuwahi kuwa wengi katika Afrika ya Mashariki. Nagana, inayoenezwa na mbung'o, na ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, viliwazuia kuzaana katika maeneo mengi. Leo wapo katika vilabu, mashamba na safari za watalii, na Nairobi kuna uwanja wa mbio wa Ngong.

Mnyama wa kupandwa aliyeenea zaidi ni punda. Katika mji wa kale wa Lamu, wenye vichochoro vyembamba visivyopitika kwa magari, watoto hujifunza mapema kumpanda punda bila tandiko wala vikuku, na vijana hushindana katika mbio za punda wakati wa sherehe. Kanuni za mizani ni zilezile. Punda yuko karibu na ardhi na mwendo wake si wa kasi sana, lakini barabara ya mawe ni ngumu, na kichwa kinahitaji kulindwa vilevile.